Kupasuliwa kwa Ajili ya Unene, na Wajibu wa Watu wa Nyumba

Katika mambo ambayo watu hupenda kuyatolea hukumu kabla ya kuyajua, mojawapo ni unene wa mwenzao. Mtu akipatwa na homa, jirani humpelekea uji na kumwombea afya. Akivunjika mguu, hubebwa. Lakini mwili ukimzidi hata akashindwa kupanda ngazi, kuinuka kutoka sijda bila ya kushikwa, na kulala usiku bila ya kukatika pumzi, watu humcheka, na wale wanaojiona kuwa ni wema zaidi humpa waadhi: "Punguza kula." Kisha, kabla neno hilo halijawakauka mdomoni, humpakulia sahani ya pili ya wali na kumwapia kwamba hawatoridhika mpaka aimalize.

Tumeletewa suala na msomaji wetu mmoja, mama aliyezaliwa pwani na kuolewa Suneka, mji mdogo ulio kwenye njia kuu itokayo Kisii kwenda Migori. Ana kisukari na shinikizo la damu, na magoti yake yamechakaa. Madaktari wa Nairobi wamemwambia kwamba anafaa kupasuliwa tumbo ili apungue. Mumewe ameridhia, lakini mavyaa wake amekataa, na hoja yake ni kwamba tumbo zima halikatwi, na kwamba mwanamke mwenye saburi hujizuia kwa mdomo wake, si kwa kisu cha mtu. Mama huyu auliza mambo mawili: je, jambo hili lafaa? Na ikiwa lafaa, yeye na watu wa nyumba yake wajiandae vipi?

Suala la kwanza limekwisha kuulizwa na wengi. La pili huulizwa na wachache, na kwa maoni yetu hilo ndilo zito zaidi. Twasema hivi tangu mwanzo, ili msomaji ajue tunakokwenda: kisu humpasua mtu mmoja, lakini dawa hasa ya maradhi haya hunywewa na nyumba nzima.

Yafaa kwanza tujue ni jambo gani linalozungumzwa, kwani watu wengi hudhani kwamba daktari hukata mafuta ya tumbo na kuyatupa. Sivyo. Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi ni wa namna mbili. Katika wa kwanza hukatwa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi, na ile inayobaki huwa nyembamba kama mkono wa kanzu. Katika wa pili hutengwa kifuko kidogo juu ya tumbo, ambacho ujazo wake ni vijiko vichache tu, kikaunganishwa na utumbo mwembamba, na chakula kikapita njia fupi. Huu wa pili asili yake ni kazi ya madaktari Edward Mason na Chikashi Ito wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, katika miaka ya 1960.

Wala hafanyiwi kila mnene. Madaktari huchukua uzito wa mtu kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Wataalamu waliokutana Marekani mwaka 1991 walisema kwamba anayefaa ni aliyefikia 40, au 35 ikiwa ana maradhi yaliyoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kipimo hicho, vikasema 35 yatosha hata bila ya maradhi mengine. Kwa mwanamke wa urefu wa mita 1.60, 35 ni karibu kilo 90, na 40 ni zaidi kidogo ya kilo 102. Basi anayetaka kupungua kilo tano kwa ajili ya nguo ya harusi, haya hayamhusu.

Sasa tuje kwenye hoja ya mavyaa, kwani hakukosea kuogopa, na hoja yake ni ya watu wengi. Wapo wasemao kwamba huku ni kubadilisha umbile la Mwenyezi Mungu. Wanavyuoni wamepambanua zamani baina ya mtu anayejibadilisha kwa kutaka uzuri tu, na mtu anayejiondolea madhara. Wa pili anatafuta dawa, na kutafuta dawa ni jambo tuliloagizwa. Akademia ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, ilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwezi wa Julai 2007, ililitazama suala la kupunguza uzito kwa njia za kitabibu, upasuaji ukiwamo, ikaruhusu kwa masharti yaliyo wazi: uzito uwe umefikia kuwa maradhi, pasiwe na njia nyingine isiyokuwa upasuaji, na mtu asalimike na madhara. Mwenye kuyatafakari masharti haya ataona kwamba mlango umefunguliwa kwa mgonjwa, na haukufunguliwa kwa mwenye kujipamba.

Ama kusema kwamba mwenye saburi hujizuia kwa mdomo wake, hilo lina haki ndani yake na lina dhulma ndani yake. Haki ni kwamba kula kwa kiasi ni katika adabu yetu, na mwenye kulijaza tumbo mpaka pumzi ikakosa nafasi ameiacha adabu hiyo. Dhulma ni kudhani kwamba njaa ni moja kwa watu wote. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waliitambua homoni itokayo zaidi katika tumbo la chakula, ambayo huuambia ubongo kwamba mtu ana njaa. Tena imejulikana kwamba mtu mnene akijinyima chakula na kupungua, homoni hii huongezeka, na mwili wake hupunguza matumizi yake, kana kwamba umefikiwa na ukame na wataka kujiokoa. Ndiyo sababu wengi hupungua kwa taabu ya mwaka mmoja wakarudi walipokuwa katika mwaka wa pili. Kumwita mtu huyu mlafi ni sawa na kumwita mvivu mtu anayeogelea akielekea juu ya mto kwa kuwa hafiki.

Huko Uswidi, tangu mwaka 1987, madaktari waliwafuatilia watu wanene zaidi ya 4,000. Nusu yao walipasuliwa na nusu walitibiwa kwa njia za kawaida. Taarifa iliyotolewa mwaka 2007 ilionyesha kwamba vifo vya waliopasuliwa vilikuwa pungufu kwa karibu robo. Na wengi wenye kisukari sukari yao hushuka upesi baada ya upasuaji, wengine kabla hata uzito haujapungua sana. Basi kwa mtu aliyefikia hali ya mama huyu, na aliyekwisha kujaribu njia nyingine, zikiwamo zile dawa mpya za sindano ikiwa daktari ameziona zafaa na mali yaruhusu, sisi hatuoni la kumzuia.

Lakini, enyi ndugu zetu, msidhani kwamba kisu kimeondoa jihadi ya nafsi. Kimeipunguza makali tu, na kwa muda. Tumbo lililobaki laweza kutanuka. Soda, sharubati na chai yenye sukari nyingi hupita hata katika tumbo dogo kabisa. Wapo waliorudi kunenepa baada ya miaka michache, na si wote walikuwa dhaifu wa nia. Wengi wao walirejea katika nyumba ambazo hakuna kitu kilichobadilika isipokuwa tumbo lao. Hapa ndipo wajibu wa watu wa nyumba unapoanza.

Wajibu wa kwanza ni wa chungu. Daktari kwa kawaida humwamuru mgonjwa, kiasi cha wiki mbili kabla ya siku yenyewe, apunguze sana wanga, sukari na mafuta, kwa kuwa ini lililojaa mafuta huwa kubwa likamfunika tumbo na kumzuia mpasuaji kazi yake. Je, ni insafu mama apike chapati za watu wanane, asimame juu ya moshi wake, kisha yeye ale mboga peke yake pembeni? Nyumba nzima na ianze siku hiyo. Wala chakula chema hakikosekani Suneka. Ipo mboga ya mgagani, ambayo Wakisii huiita chinsaga, upo mnavu, yapo maharage, mayai, maziwa ya mgando, na dagaa wa ziwa wako sokoni. Ugali wa wimbi na ndizi havikuharamishwa kwa mtu; ni kiasi chake tu kinachopaswa kupungua, na chai ya maziwa iachwe ile sukari yake.

Baada ya upasuaji mgonjwa huanza na vitu vya maji matupu, kisha vya majimaji mazito kidogo, kisha vilivyopondwa, kisha vilaini, na huchukua wiki sita mpaka nane kurudi kwenye chakula cha kawaida. Hula vijiko vichache, akitafuna sana. Hanywi maji pamoja na chakula, bali hungoja kiasi cha nusu saa. Huambiwa aanze na vyakula vya kujenga mwili, apate angalau gramu 60 za protini kwa siku. Na yai moja lina gramu 6 tu. Mwenye akili na apige hesabu, ataona kwamba jambo hili lataka mtu wa kulifikiria kila asubuhi, na haliwezi kuachiwa mgonjwa aliyechoka.

Wajibu wa pili ni wa ukarimu, na huu ni mgumu kwetu sisi watu wa pwani, kadhalika kwa wenyeji wetu wa Kisii. Kwetu mapenzi hupimwa kwa sahani. Bibi arusi hunenepeshwa, mzazi hulishwa siku arubaini, na mgeni asiyemaliza chakula huonekana ameudharau mkono uliompikia. Basi ukarimu huu usipobadilishwa sura humdhuru mgonjwa. Mwenye nyumba na amuulize mgeni wake mara moja, kisha anyamaze. Na mume awe mbele kumkinga mkewe, aseme yeye, "Ametosheka," ili mke asilazimike kujieleza mbele ya kila jamaa.

Wajibu wa tatu ni wa ulimi. Mtu aliyepasuliwa hukonda upesi. Ngozi hulegea, na baina ya mwezi wa tatu na wa sita nywele nyingine huanguka, ingawa aghalabu huota tena. Nasi twajua maneno yatakayosemwa sokoni. Katika nchi zetu mwanamke akikonda ghafla, watu humdhania Ukimwi, au husema mumewe hamlishi. Maneno haya yamewafanya watu wakaogopa tiba, na wengine wakajilisha tena ili wasisengenywe. Basi watu wa nyumba na wakubaliane mapema nini kitakachosemwa na nani ataambiwa. Siri ya mgonjwa ni amana. Akitaka kuificha ni haki yake, na anayeitoa amekhini amana, hata akiitoa kwa furaha.

Wajibu wa nne ni wa mali. Upasuaji huu katika hospitali za watu binafsi ni wa malaki ya shilingi, na gharama haziishii hapo. Vitamini, madini ya chuma na kalsiamu hunywewa muda wote wa uhai, na damu hupimwa mara kwa mara. Anayeacha hupatwa na upungufu wa damu, mifupa dhaifu, na ganzi za mikono na miguu. Kutoka Suneka mpaka Nairobi ni zaidi ya kilomita 300, na njia hii itapitwa mara nyingi. Basi mume na mke na wahesabu gharama ya miaka, si ya siku moja. Wasiuze shamba la watoto kwa siri, wala wasiingie deni la riba kwa tamaa ya haraka. Na wasidanganywe na bei rahisi ya nchi ya mbali ambako hawatomwona tena yule aliyewapasua.

Wajibu wa tano ni wa hatari. Upasuaji huu, katika mikono iliyozoea, umekuwa salama sana. Wanaokufa kwa sababu yake ni karibu mmoja katika elfu. Lakini huyo mmoja ana watoto. Panaweza kutokea kuvuja kwa mshono, kutoka damu ndani, au damu kuganda miguuni na kupanda mapafuni. Watu wa nyumba wajue dalili zake: homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, pumzi kubana, kutapika kusikokoma. Mambo haya hayangoji asubuhi. Iwe imejulikana kabla ni gari ya nani itakayomchukua usiku mpaka hospitali kubwa ya rufaa iliyoko mjini Kisii, na karatasi inayoeleza aina ya upasuaji aliofanyiwa iwekwe mahali ambapo hata mtoto aweza kuitwaa. Vidonge vya maumivu vinavyouzwa madukani, kama vile aspirini na ibuprofeni, asipewe bila ya ruhusa ya daktari, kwani vyaweza kumletea vidonda vya tumbo. Na dawa zake za kisukari zisiendelee kwa kiasi cha zamani bila ya kupimwa, maana sukari yaweza kushuka mno.

Wajibu wa sita ni wa mume na mke peke yao, na mavyaa autambue. Madaktari huwataka wanawake wasishike mimba mpaka ipite miezi 12 mpaka 18, na hali mwanamke akipungua huwa mwepesi zaidi kushika mimba. Basi na wakubaliane mapema juu ya njia ya kuzuia, wala asiwepo wa kumhimiza mjukuu katika muda huo. Tena asibebeshwe ndoo za maji wala magunia katika wiki za mwanzo. Watoto wakubwa na mume wana mikono.

Katika ibada pia pana la kupanga. Wengi hushauriwa wasifunge Ramadhani katika mwaka wa kwanza au zaidi, kwa kuwa tumbo dogo haliwezi kupokea usiku maji na chakula cha siku nzima. Mgonjwa amepewa ruhusa, na atalipa akiweza. Asione haya kula mchana mbele ya watoto wake. Bali awafundishe kwamba ruhusa ni rehema. Na kabla ya siku yenyewe aandike wasia, alipe au ataje madeni, na waombane radhi yeye na mavyaa wake, kama afanyavyo kila mwenye kusafiri.

Ama mgonjwa mwenyewe, wajibu wake hauchukuliwi na mtu. Amwambie daktari kweli yote, hata ile ya tumbaku, naye aiache wiki kadhaa kabla. Aanze kutembea kila siku, na kutafuna polepole, na kutenga maji na chakula, wakati tumbo lake lingali kubwa, ili mazoea yatangulie kisu. Tena ajiulize ni lini anapokula bila ya njaa. Wapo wanaokula kwa huzuni, wapo wanaokula kwa upweke, na kisu hakiyafikii hayo. Akiyajua, ataweza kumwambia mumewe: "Nikikaa kimya jikoni usiku, njoo ukae nami."

Limebaki suala moja, nalo ndilo lililojificha chini ya barua. Ikiwa nyumba imekataa kabisa, je, aache? Twasema: mwili wake ni amana aliyopewa yeye, na ataulizwa yeye, chuki ya mtu au aibu ya watu si hoja ya kuuacha uharibike. Lakini asiende peke yake. Akimpata mtu mmoja wa kweli, awe mume, au binti, au jirani, atakayeyabeba haya tuliyoyataja, huyo mmoja ndiye nyumba. Na asipompata hata mmoja, basi na angoje kidogo amtafute, kwa maana kupasuliwa ni kazi ya saa chache, na kuishi baada yake ni kazi ya umri.

Na wewe mavyaa, tunakwambia kwa heshima yako: ulisema kwamba tumbo zima halikatwi, na hofu yako ni ya mama. Lakini viungo vilivyoharibika kwa sukari, figo na macho na miguu, navyo pia vilikuwa vizima. Mkazamwana wako hakuomba uzuri. Ameomba aweze kusujudu na kuinuka, na akulee uzeeni. Hutoulizwa kwa nini hukumponya. Lakini sufuria iko mkononi mwako, na hilo laweza kuwa suala siku moja.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuwe msaada kwao wala tusiwe mtihani. Amin.